Binti yangu hali ngano, na tunakuja nyumbani wiki 4: atakula nini?

*“Habari za kazi. Tunaishi Stockholm. Binti yetu ana miaka 9, aligunduliwa ugonjwa wa seliaki akiwa na miaka 6, na tangu aache ngano amenenepa na anasoma vizuri. Desemba hii tunakuja Tanzania kwa wiki 4, mara ya kwanza tangu agunduliwe. Tutapitia Addis Ababa, tutashukia Dar kwa kaka yangu Mbezi, tutapanda basi kwenda Kibosho kwa mama yangu, halafu tutavuka kwenda Unguja kwenye harusi ya rafiki. Nimetafuta migahawa ya ‘bila gluteni’, nimeona hoteli chache tu za watalii ambazo hatuziwezi. Mume wangu anataka tubebe sanduku zima la chakula. Mama ananiambia kwenye simu: ‘Njooni tu, huku chakula ni cha asili, kitamponya, na kidogo hakiui.’ Wengine wananiambia hata mahindi yana gluteni, na kwamba kuna vidonge mtoto akimeza anaweza kula chochote. Binti amepokea Komunyo ya kwanza mwaka huu na atataka kupokea Krismasi kwa bibi yake. Sipati usingizi. Nifanyeje?”*

Dada yangu, asante kwa kuandika mapema. Wengi hunitafuta mtoto akiwa ameshaanza kutapika.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi: safari isikutishe. Mnatoka nchi ya mkate mnakuja nchi ya wali, ugali, ndizi na muhogo. Mtoto mwenye seliaki anaweza kula akashiba Tanzania kwa wiki 4, na sanduku la mume wako likafunguliwa mara chache tu. Lakini mama naye hajapatia, kwa sababu hatari haiko sana kwenye chakula chenyewe. Iko kwenye mwiko, kibao, mafuta ya kukaangia na mkono uliotoka kukanda chapati. Kwa hiyo acha kusaka mgahawa ulioandika “bila gluteni” kwenye menyu. Saka jiko ambalo ngano haijapita leo, na pale ambapo halipo, utalitengeneza mwenyewe. Nitakuonyesha namna.

Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya mikate myeusi ya Ulaya. Ndiyo inayofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mtu mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inaichukulia kama adui, na katika kupambana nayo inaushambulia utumbo mwembamba. Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vijidole vidogo visivyoonekana kwa macho, vimesimama kama nyuzi za zulia, na kupitia hivyo ndipo lishe huingia kwenye damu. Vikishambuliwa vinafupika, mwishowe utumbo unabaki bapa kama sakafu. Mtoto anakula, lakini madini ya chuma, kalsiamu na vingine vinapita tu. Anakonda, anadumaa, damu inapungua. Ngano ikiondoka kabisa vijidole vinaota tena, na ndiyo maana unamwona binti yako amenawiri.

Hili halikujulikana zamani. Willem-Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi, alikuwa akiushuku mkate tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ukaadimika, na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu wakati wenzao wanaumia kwa njaa. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake juu ya jambo hilo huko Utrecht.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ya mama. Anaposema chakula cha asili kitamponya, hadanganyi. Anasema alichokiona maishani mwake. Ila ngano nayo ni ya asili. Iwe imelimwa Hanang kwa mbolea ya samadi, iwe imesagwa kwa jiwe, iwe nzima na pumba zake, protini ni ile ile. Moto hauiondoi, chachu ya mkate haiiondoi, na mtoto hazoeshwi kwa kuonjeshwa kidogo kidogo. Akikuambia ni ugonjwa wa Wazungu, mwambie watafiti waliwapima watoto wa Sahrawi, wa Sahara Magharibi, wakakuta zaidi ya 5 kati ya kila 100 wanao. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha Ulaya, ambako ni kama mtu 1 kati ya 100. Kwetu wengi hawajausikia kwa sababu hatuupimi sana, na kwa sababu bibi zetu walikula ndizi na mtama, si mkate asubuhi na jioni.

Na hilo la “kidogo hakiui”? Nikujibu kwa haki. Ni kweli, chembe moja haitamuua. Seliaki si kama aleji ya ngano, ambayo inaweza kumbana mtu pumzi ndani ya dakika chache. Akiteleza siku moja ataumwa tumbo, pengine atatapika au kuharisha, atachoka siku mbili tatu, kisha atarudi. Hivyo likitokea usijihukumu. Lakini kidogo cha kila siku kwa wiki 4 ni habari nyingine, na wapo watoto ambao hawaumwi chochote huku utumbo unaharibika kimyakimya. Usipime usalama kwa kumuuliza, “Tumbo linauma?”

Tazama hesabu yenyewe. Kipande kimoja cha mkate kina gluteni ya gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000. Kiasi kinachoonekana kutowadhuru wengi wenye seliaki ni chini ya miligramu 10 kwa siku. Chukua kipande hicho ukikate vipande 200: kimoja tu ndicho chote anachoweza kustahimili siku nzima. Ni makombo yanayobaki kwenye kisu cha siagi. Chakula cha dukani kinachoandikwa “bila gluteni” kwa kiwango cha kimataifa hakitakiwi kuzidi miligramu 20 kwa kila kilo, na sababu ni hiyo hiyo.

Kuhusu mahindi, aliyekuambia amesikia neno akakosa maana yake. Viwandani watu huiita protini ya mahindi kwa jina hilo la gluteni, lakini si ile inayomdhuru mwenye seliaki. Mahindi, mchele (hata ule unaonata), mtama, ulezi, uwele, muhogo, viazi, magimbi, ndizi, dengu, kunde na maharage vyote ni salama vikiwa peke yake. Vidonge navyo viache. Hakuna kidonge kilichothibitika kumkinga mwenye seliaki asidhurike akila ngano.

Sasa jiko. Niliwahi kukaa asubuhi nzima kwa mama lishe mmoja Ilala, nikafuata mwiko mmoja tu kwa macho. Saa kumi na moja alikanda unga wa maandazi juu ya meza ya mbao. Saa mbili meza ile ile ilifutwa kwa kitambaa kikavu, kibao kikawekwa, vitunguu vya kachumbari vikakatwa. Mwiko ulikuwa umegeuza chapati. Ukapanguswa, ukaingia kwenye maharage. Mafuta ya maandazi yakachujwa yakawa ya samaki. Ukimuuliza mama yule kama wali na maharage yake vina ngano, angekuambia hapana, na angekuwa anasema kweli kwa jinsi anavyoelewa swali lako. Hakuweka ngano. Ilijipeleka yenyewe.

Mafuta ndiyo yanayowadanganya wengi, maana watu huamini moto wa mafuta unaunguza kila kitu. Marekani walipima sampuli 20 za chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta yanayokaanga pia vitu vya ngano, na robo yake zilizidi kile kiwango cha miligramu 20 kwa kilo. Kwa hiyo chipsi mayai za barabarani, pale ambapo sambusa nazo zinachemka kwenye karai moja, mzipite. Upande wa pili, gluteni si uchawi. Sufuria ya chuma, sahani na kijiko vikioshwa vizuri kwa maji na sabuni inaondoka kama uchafu mwingine. Hofu yangu ni kwa mbao zenye nyufa, chujio, kitambaa cha kufutia, na mafuta.

Halafu kuna neno “unga”. Ukiuliza “Kuna unga humu?”, mmoja atafikiria sembe, mwingine ngano, mwingine atadhani unauliza kama ugali upo. Taja ngano kwa jina. Na “shayiri” pia ina mtego: wengine huita hivyo nafaka ya shayiri yenyewe, wengine huita hivyo ule uji wa oti wa kwenye pakiti. Oti safi hufaa kwa wengi wenye seliaki, lakini nyingi huwa zimechanganyika na ngano shambani na kiwandani. Safarini viache vyote viwili.

Swali la ndiyo au hapana nalo halifai kwetu. Mpishi mwenye adabu hapendi kumvunja mgeni moyo, atasema “hakuna, mama” huku anatabasamu. Uliza swali linalomlazimu aeleze: “Mchuzi huu mnaufanya mzito kwa kitu gani?” “Hizi bhajia unakaanga na nini kingine?” “Nyama mmeiloweka na viungo gani?” Ukisikia pakiti ya mchuzi mix, vidonge vya supu au soya sosi, acha. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, na zile pakiti nyingine huongezewa unga ili zizidishe uzito wa mchuzi. Majibu yakija harakaharaka na kwa mkato, shukuru, nunua ndizi mbivu, endelea na safari.

Nilijifunza kwa makosa. Miaka ya nyuma nilimwambia mama mmoja kwamba vitumbua ni salama, kwa kuwa ni mchele na nazi. Mtoto wake alitapika usiku kucha. Kumbe aliyevipika huongeza vijiko viwili vya ngano ili vishikane visivunjike. Tangu hapo sisemi tena chakula fulani ni salama kwa jina lake. Vitumbua, mkate wa kumimina, mkate wa mofa, bhajia za dengu, kababu: kila kimoja kina mpishi wake na siri yake.

Tuanze kufunga mizigo. Chakula maalumu cha ndege kiombwe saa 48 au zaidi kabla ya kuondoka. Kwenye mifumo ya mashirika kinaandikwa GFML. Kiombe kwa kila kipande cha safari, na cha kurudi pia, maana kukiomba mara moja mara nyingi hakutoshi. Hata hivyo usimtegemee mtu: beba chakula cha saa 24 kwenye mkoba wa mkononi. Addis Ababa atavutiwa na injera, mkate bapa wa Kiethiopia wa nafaka ya tefu. Tefu yenyewe haina gluteni, lakini injera nyingi huchanganywa na ngano au shayiri kupunguza gharama, na kiwanjani hutakuwa na nafasi ya kumhoji mpishi.

Sanduku la mume wako nalikubali, ila lipungue. Wekeni mkate au biskuti zake za siku nne tano, tambi kidogo, na kitu kitamu cha kumfariji wenzake wanapogawiwa keki ya Krismasi. Hilo la mwisho usilidharau. Nafasi iliyobaki jazeni kisu kidogo, kibao cha plastiki na sifongo mpya. Sufuria ndogo na mwiko mpya mtanunua Dar, na mwiko huo ufungeni kitambaa chekundu mpini ili kila mtu nyumbani ajue ni wa nani.

Kwa kaka yako Mbezi, mlo mgumu utakuwa wa asubuhi. Chakula cha mchana na usiku kwetu hakina shida kubwa, lakini asubuhi ni mkate, chapati, maandazi. Mpe viazi vitamu, magimbi au muhogo wa kuchemsha, mayai, uji wa sembe au ulezi, matunda. Kopo la siagi na la jamu lake liwe peke yake, halijawahi kuingizwa kisu chenye makombo. Na tahadhari kubwa kabisa: uji wa lishe. Shangazi na wifi wote watakuletea kwa nia njema, “huu una kila kitu.” Kweli una kila kitu, na mara nyingi mojawapo ni ngano. Mashine ya kusaga nayo ndiyo inayosaga lishe hiyo, kwa hiyo mkisagisha mahindi au ulezi wake nendeni mapema kabla haijasaga mchanganyiko wowote, na kilo za kwanza zinazotoka ziacheni kwa watu wazima.

Siku ya basi, kutoka stendi ya Magufuli hadi Moshi, hesabu siku nzima. Mabasi mengi husimama kula maeneo ya Korogwe, dakika chache tu, watu wanakimbilia chipsi kuku. Hapo hakuna muda wa kuuliza mafuta. Mpikie wali na kuku alfajiri kabla ya kuondoka, umfungie, ale mchana. Njiani ongezea mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa, ndizi, machungwa, korosho, mahindi ya kuchoma. Yai kwenye ganda na tunda kwenye ganda lake ni vitu viwili ambavyo sijawahi kuvitilia shaka.

Kibosho ndipo ninapopaona kama mapumziko yenu. Mtori, ndizi nyama, kiburu cha ndizi na maharage, machalari, maziwa mgando, parachichi la shambani: meza ya mama yako ilivyo tangu zamani ni meza ya mwenye seliaki. Lakini umesema amekuambia kidogo hakiui, na hapo ndipo nahisi penye uzito wako wa kweli. Unaogopa kumkatalia mama yako mbele ya watu chakula alichokishika mkononi.

Usingoje kufika. Mpigie wiki hii, mwulize habari za ng'ombe, kisha umweleze kama ulivyonielezea mimi: mtoto alikuwa hali, hakui, damu imepungua, akaacha ngano akapona. Usimpe orodha ya makatazo. Mpe kazi. Mwambie: “Mama, nataka wewe ndiye umpikie. Sufuria yake ni yako, mwiko wake ni wako, mtu mwingine asiuguse.” Mama wa Kichaga aliyekabidhiwa sufuria ataifunga kwa kufuli ikibidi. Nimeona mabibi waliokuwa wabishi wakigeuka kuwa walinzi wakali kuliko wazazi, wanamfukuza jirani aliyekuja na sahani ya maandazi. Mtoto naye mfundishe sentensi moja ya kumwambia mkubwa bila kumvunjia heshima: “Asante sana bibi, nimeshiba, na hicho kinaniumiza tumbo.” Aikariri kwa Kiswahili kabla ya kuondoka Stockholm, maana mtoto anayejibu kwa Kiswahili husikilizwa.

Komunyo ina njia. Kanisa linataka hostia iwe na ngano, kwa hiyo isiyo na gluteni kabisa haikubaliki. Barua ya Vatikani ya mwaka 2017 imelirudia hilo. Lakini hostia zenye gluteni kidogo sana zinaruhusiwa. Ulizeni parokia yenu ya Stockholm wanazipata wapi, na daktari wake aseme kama zile anazotumia zinamfaa. Bebeni chache ndani ya kopo safi, mwonane na paroko siku kabla ya misa, ziwekwe peke yake na asizishike kwa mkono uliotoka kwenye hostia nyingine. Vinginevyo anaweza kupokea Damu ya Kristo tu, na ni Komunyo kamili. Kikombe hicho kiwe kingine, kwa kuwa kwenye kile cha padre hutumbukizwa kipande cha hostia.

Unguja chakula ni kitamu zaidi na kina mitego zaidi. Boko boko ni ngano na nyama, hata kama haifanani na mkate. Urojo huwekwa unga, mara nyingi wa ngano. Katlesi nyingine hupakwa chembe za mkate, kaimati na visheti ni ngano, tambi za sukari ni ngano. Halua hupikwa kwa wanga, na wanga wenyewe uliza ni wa nini. Mtoto akiumwa kidogo, jirani mwema anaweza kumletea talbina, na huo ni uji wa shayiri. Vinywaji vya kimea vya chupa vinavyopendwa na watoto hutengenezwa kwa shayiri pia.

Pilau au biriani ya harusi kwa kawaida ni mchele, nyama na viungo vizima, nayo inaweza kufaa. Nenda kwa wapishi mapema, kabla ya moto kuwazidi, mkiwa na rafiki yako anayeoa au mtu wa nyumbani kwao. Uliza wamesaga viungo wenyewe au wametia pakiti. Kisha omba jambo moja tu: apakuliwe wa kwanza, kwa kijiko kisafi, sahani yake ifunikwe. Baada ya hapo vijiko huzunguka sufuria zote na huwezi kuvifuatilia. Na wakati wa kula, asiketi kwenye sinia la pamoja. Mikono inayochota wali ndiyo inayovunja chapati na sambusa. Ale sahani yake pembeni yako. Ukiwaambia wenyeji ni mgonjwa hawatachukulia kama dharau.

Jioni mkienda Forodhani, muhogo wa kuchoma, maji ya madafu na juisi ya miwa vitawatosha. Pweza na mishkaki huonekana safi, ila mara nyingi vimelowekwa kwenye kitu, na wavu wa kuchomea umepita mikate. Mkiwa na hamu sana, nunueni samaki mbichi sokoni mkampike mlikofikia kwa ndimu na chumvi.

Sasa sikiliza kwa makini juu ya kuumwa, kwa sababu hapa ndipo naona wazazi wakipoteza muda. Akitapika au kuharisha bila homa baada ya kula nje, huenda ni gluteni. Hakuna dawa yake: mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti, ORS, kidogo kidogo, wali laini, apumzike. Lakini gluteni haileti homa. Mwili ukiwa moto, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo apimwe malaria, hata kama anameza dawa za kinga, na hata kama una hakika alikula chapati. Nendeni pia haraka akiwa na damu kwenye choo, akitapika hata maji, akilegea na kusinziasinzia, au akikaa saa nane bila kukojoa. Mweleze daktari: “Ana seliaki, lakini tafadhali mchunguze kama mtoto mwingine yeyote.” Mkiandikiwa vidonge, mwombe mfamasia aangalie wanga uliotumika kuvishikiza, mwingi huwa wa mahindi, na dawa ya malaria haisubiri mjadala huo.

Kabla ya kuondoka muone daktari wake wa huko. Mkumbushe vipimo vya damu vya seliaki ili mjue anaondoka akiwa katika hali gani, na muombe barua fupi. Mkirudi, kama aliteleza mara nyingi, arudiwe vipimo baada ya miezi kadhaa; kingamwili hupanda na kushuka polepole. Na ndugu mtakaowakuta wenye tumbo lisilotulia, waliosikia habari zenu wakataka nao kuacha ngano, waambieni wapime kwanza. Mtu akiacha ngano kabla ya kipimo, kipimo kinaweza kumwambia hana wakati anao.

Hii hapa kadi. Inakili kwa herufi kubwa, chapisha nakala kumi, na umkabidhi anayepika, si anayepokea oda:

*Habari ya kazi. Mtoto huyu ana ugonjwa wa utumbo. Akila ngano au shayiri, hata chembe, anaumwa. Tafadhali usitumie sufuria, mwiko, kibao wala mafuta yaliyogusa chapati, maandazi, sambusa, tambi au mkate. Usitie mchuzi mix, soya sosi wala kiungo cha pakiti. Anakula wali mweupe, ugali wa mahindi, ndizi, muhogo, viazi vya kuchemsha, mayai, maharage, mboga, na nyama au samaki aliyepikwa kwa chumvi, ndimu, vitunguu na nyanya. Naomba anawe mikono kwa sabuni atakayempikia. Kama huna hakika, tuambie tu. Hatutachukia, tutanunua matunda.*